Mstari wa Saa Mbili Usiku

Ni kidude cha kulingana na kiberiti,
bati lake jeusi hupata moto kama andazi la kutoka karaini.
Hakina kirungu, hakina spika,
hakina ule mshale mwekundu
baba aliokuwa akiusogeza kwa dole gumba
stesheni hadi stesheni, jicho moja kafumba.
Kazi yake kusikia tu.
Kuelewa kumeachiwa kompyuta,
na kompyuta yenyewe imevunjika bawaba,
nimeiegemeza kwenye transfoma la redio ya marehemu.

Antena nimeifunga mwenyewe:
waya wa shaba wa feni iliyoungua,
bomba la maji la nusu inchi, utepe mweusi.
Mafundi wenzangu wa Barabara ya Kumi na Mbili
wakapita, wakauliza: Mwanashuru, unaanika nini juu ya bati?
Nikasema, naanika hewa.

Maana hewa ya Ngamiani si tupu.
Kwenye kioo inashuka kama mvua ya rangi:
hapa stesheni ya FM, nene kama gogo,
pale meli inaomba rubani wa kuiingiza bandarini,
pale walinzi wawili wanaulizana nani kanywa chai ya nani,
na rimoti za magari, fupi kama kupepesa kope.
Wahenga walisema sikio halipiti kichwa.
Hili limepita.
Linanimiminia kuliko ninavyoweza kuchota.

Lakini nikishuka kwenye mawimbi mafupi,
kila usiku, saa mbili na dakika zake,
mstari wa njano hukata kioo juu hadi chini,
mnene, unatetemeka, una ndevu pande zote,
na kilicho nyuma yake chote kinazama.

Siku ya kwanza nilidhani setilaiti.
Siku ya tatu, jeshi.
Siku ya tano nikamwandikia Shebuge wa zamu ya bandarini,
aliyenipa kile kidude,
naye akanijibu neno moja: Jirani.

Basi nikatoka na kitanzi cha waya mkononi,
kompyuta nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa,
nafuata kelele asiyoisikia mwingine.
Watoto wawili wakanifuata, kisha sita.
Nikaelekeza kitanzi msikitini, ikafifia.
Kwa muuza mihogo, ikafifia.
Kwa Bi Mwanamvua,
kompyuta ikalia kama nyuki waliochokozwa.

Alikuwa ukingoni mwa kitanda, anachaji simu.
Chaja ya elfu mbili, imekazwa kwa mpira wa ndala.
Huichomeka kila akitoka kuswali Isha,
kwa kuwa mwanawe aliyeko Maskati hupiga saa tatu.

Sikujua niseme nini.
Unamwambiaje mtu
kwamba kungojea kwake kunaniziba mbingu?

Nikasema tu: Bibi, chaja hii inapiga kelele.
Akaiweka sikioni.
"Mbona kimya?"
Nikampa yangu, nzito, ya dukani.
Akaipima kiganjani kama kipande cha nguru,
akaridhika,
na ile ya zamani akaisukuma chini ya mto, haijui kesho.

Usiku ule kioo kilikuwa buluu,
buluu ya kaniki iliyofuliwa sana.
Nikakaa. Chai ikapoa, ikafanya utando.
Na pale mstari ulipokuwa umekalia,
chini kabisa,
nukta, kistari, nukta:
mtu, sijui wapi, anagonga kwa mkono.
Mkono, si mashine, maana alikosea, akarudia.
Nikachukua penseli ya baba.
Herufi tatu nikazidaka. Ya nne ikayeyuka.

Asubuhi Bi Mwanamvua akanisimamisha bombani.
"Haya, umesikia nini huko?"
Nikamwambia: mtu kakosea, karudia.
"Hilo tu?"
Akacheka hadi ndoo ikamwagika.
Kisha, akikaza kata kichwani:
"Mwanangu naye jana laini ilikatika."
Akajitwisha, akapiga hatua mbili.
"Akarudia."